Ramu ya kompyuta: ipime kwanza, uikimbize baadaye

Mpwa wangu aliyeoa Isiolo alinipigia simu usiku wa Idd Pili. Hakunipa mkono wa Idd kama ilivyo ada. "Shikamoo mjomba. Video ya watu imeharibika," akasema, kisha akanyamaza.

Kijana huyo ana duka dogo mjini. Mchana hupiga chapa barua, hutoa kopi na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Usiku huhariri video za harusi, na hapo ndipo pesa zilipo. Kompyuta ya kazi zote hizo ni moja, ya mezani, aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande. Harusi iliyoharibika ilikuwa ya jamaa wa Garbatulla. Bwana harusi alikuwa amesharudi Doha kazini, kadi za kamera zilikuwa zimefutwa ili zipelekwe harusi nyingine, na faili zilizobaki ndani ya diski zilikuwa na miraba ya kijani na zambarau juu ya nyuso za watu. Sehemu iliyoharibika vibaya zaidi ni ile ya kuozesha.

Nilimwuliza maswali ya kawaida. Umeme ulikatika wakati wa kunakili? La. Diski ni kuukuu? Mpya, haijamaliza miezi mitatu. Virusi? Ameshasafisha. Mwisho akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mwezi mmoja nyuma aliongeza ramu na "kuikimbiza kidogo" baada ya kutazama mafunzo mtandaoni.

Mimi diploma yangu ya kompyuta niliipata Mombasa, enzi ambazo mashine ya megabaiti 128 za ramu ilifunikwa kitambaa cha kushonwa kama kanda la mahari. Mambo yamebadilika sana, lakini hili la ramu halijabadilika: ikikosea, haipigi kelele. Najua vijana wengi huku kwetu, kuanzia Kisauni hadi Malindi na Lamu, wanajiundia kompyuta na kufuata mafunzo yale yale. Kwa hivyo nitaeleza ramu ni kitu gani, kuikimbiza ni kufanya nini, na namna ya kuipima, kisha nisimulie tuliyoyakuta Isiolo.

Mtungi unaovuja

Ramu ndiyo meza ambayo kompyuta hufanyia kazi. Kila faili unayofungua, kunakili au kuhariri hupitia hapo kabla ya kufika kwenye diski. Ndani ya kila chipu mna vyumba vidogo mno, na kila chumba kina kapasita moja inayoshika chaji ya umeme na swichi moja ya kuifungulia. Penye chaji husomwa 1, pasipo chaji husomwa 0. Muundo huo ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, akapewa hataza yake mwaka 1968, na mwaka 1970 Intel ikauza chipu ya 1103 iliyobeba biti 1024. Kipande cha leo cha gigabaiti 8 kina biti zaidi ya bilioni 68.

Sasa, kapasita hiyo ni mtungi uliotoboka. Chaji huvuja daima, na ndiposa ramu hujazwa upya mara kwa mara. Kawaida kila chumba hujazwa ndani ya milisekunde 64. Chipu ikipita joto la nyuzi 85, kiwango kinataka ijazwe mara mbili zaidi, yaani kila milisekunde 32, kwa sababu joto huongeza kasi ya kuvuja. Chumba kilicho dhaifu tangu kiwandani huenda kikashika chaji yake vizuri usiku wa baridi na kuipoteza mchana wa jua. Shika hapo, tutarudi.

Biti moja ikigeuka, athari yake hutegemea ilikuwa imebeba nini. Huenda usione lolote. Huenda kompyuta ikaganda au ikatoa skrini ya buluu, na hiyo ni heri, kwani umeshajua kuna tatizo. Mbaya ni ile inayogeuza data na kuiandika hivyo hivyo kwenye diski. Mwezi Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja huko Schaerbeek alionekana kupata kura 4096 za ziada kwenye mashine. Nambari hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani biti moja tu iliyotoka 0 ikawa 1. Wachunguzi hawakupata kosa katika programu. Iligunduliwa kwa sababu kura zilikuwa nyingi kuliko zilivyoweza kuwa. Lau zingekuwa chache, nani angejua?

Mashine kubwa za mabenki na mitandao hutumia ramu ya aina ya ECC, ambayo hubeba biti za ziada za kugundua na kurekebisha kosa. Kompyuta nyingi za mezani hazina. Na makosa si nadra kama tunavyodhani: mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kuchunguza mashine za Google kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu hupata kosa ndani ya mwaka. Kwa haki, utafiti huo haukuona joto likileta tofauti kubwa. Lakini mashine zile zilikaa kwenye vyumba vilivyopozwa, na ramu yake ilikuwa kwenye mwendo wake halali. Duka la mabati Isiolo ni habari nyingine.

Mwendo ulioandikwa kwenye boksi

Kuikimbiza ramu, au kuiovakloki kama wasemavyo vijana, ni kuilazimisha ifanye kazi kwa mwendo unaozidi kiwango kilichowekwa. Na hapa wengi hawajui kwamba boksi lenyewe mara nyingi limeshaandika mwendo wa kukimbizwa. Viwango rasmi vya ramu hutolewa na chama cha viwanda kiitwacho JEDEC. Ramu ya DDR4 kwa viwango hivyo hutumia volti 1.2, na mwendo wake rasmi huanzia karibu 1600 na kuishia 3200. Kipande kilichoandikwa 3600 huwaka kwanza kwa mwendo rasmi wa chini, 2400 au 2666 kwa mfano, mpaka wewe uingie kwenye bayosi na kuwasha XMP. Hiyo XMP ni rekodi ya mipangilio, iliyoletwa na Intel mwaka 2007, ambayo mwenye kutengeneza ramu ameihifadhi ndani ya kipande: mwendo, vipimo vya muda na volti, ambazo aghalabu huwa 1.35. AMD nayo ililetea DDR5 yake kitu kama hicho mwaka 2022, ikakiita EXPO.

Mtengenezaji wa ramu anakuhakikishia kipande chake. Hakuhakikishii madabodi yako wala prosesa yako. Intel na AMD wote huhesabu XMP na EXPO kuwa ni kukimbiza, na huenda dhamana ya prosesa ikapotea kwa hilo.

Zile nambari nazo zina udanganyifu kidogo. 3200 ambayo wauzaji huiita megahezi kwa hakika ni kupitisha data mara milioni 3200 kwa sekunde, saa yenyewe hupiga nusu ya hapo. Kila mara hupita baiti 8, kwa hivyo njia moja ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasi. Ukiweka vipande viwili kwenye njia mbili unapata 51.2. Ndiyo maana nasema, anayetumia kipande kimoja cha gigabaiti 16 na kuhangaika kukikimbiza amepotea njia. Anunue viwili vya 8 vya aina moja, aviweke kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa (hivyo ndivyo madabodi nyingi zenye nafasi nne hutaka, lakini soma kijitabu chake), naye atapata faida kubwa kuliko ya kukimbiza kokote.

Kisha kuna CL, idadi ya mapigo ya kusubiri kabla data haijaanza kutoka. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa mwendo, utapata nanosekunde. Ramu ya 3200 yenye CL16 husubiri nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 pia ni 10. Ya 2666 yenye CL19 ni zaidi ya 14. Kwa hivyo aliyetoka 2666 kwenda 3200 ya CL16 ameongeza kitu. Aliyetoka 3200 ya CL16 kwenda 3600 ya CL18 ameipanua njia tu, kusubiri ni kule kule.

Nani atakayefaidika? Zaidi ni mwenye prosesa yenye michoro ndani yake na asiyekuwa na kadi ya picha, maana picha na michezo yake yote huchorwa kwa kutumia ramu hiyo hiyo. Mwenye kadi yake ya picha ataona tofauti ndogo. Anayepiga chapa barua hataona kitu. Na wale walionunua kompyuta za ofisi zilizotoka Ulaya, zile tunazoziita ex-UK, wasijisumbue. Nyingi katika hizo bayosi yake imefungwa, haina hata mahali pa kuwasha XMP. Ukiweka ramu ya 3600 humo itakwenda kwa mwendo wa kawaida na pesa yako imekwenda bure.

Isiolo, saa nane mchana

Nilifika Isiolo kwa basi la kutoka Nairobi. Ukitoka Timau kwenye baridi na kuanza kushuka, sweta unaivulia garini. Mji uko chini penye joto na vumbi. Kwetu Mombasa adui wa kompyuta ni chumvi ya bahari, inayokula miguu ya dhahabu ya ramu polepole. Kule ni vumbi jembamba linalojaa kwenye feni na kuzuia hewa. Sanduku la mpwa wangu lilikuwa limeelekezwa mlangoni, barabarani kabisa. Duka ni la mabati juu, halina dari.

Ndani mlikuwa na vipande vinne vya gigabaiti 8. Viwili alivinunua vipya, vya 3200. Viwili ni vya mtengenezaji mwingine, vya 2666, vilivyotumika, alivyonunua kwa bei nafuu Nairobi. Vyote akaviweka pamoja, akapandisha mwendo hadi 3600 na volti hadi 1.45. Kompyuta iliwaka. Kwake yeye, kuwaka ndiko kupona.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza kulieleza. Ukichanganya vipande vya aina mbili, vyote vinapaswa kutii kile kilicho dhaifu. Na vipande vinne huielemea prosesa kuliko viwili, hata vikiwa ndugu wa tumbo moja.

Kabla ya kugusa chochote niliizima, nikatoa diski yenye kazi za watu. Usipime ramu unayoishuku huku Windows ikiendelea kuandika kwenye diski yako, maana unaweza kuiharibu hata Windows yenyewe. Kipimo cha kwanza hufanywa kwa flashi inayowaka peke yake. Zipo mbili zinazojulikana: MemTest86 ya kampuni ya PassMark, ambayo toleo lake la bure huishia mizunguko minne, na Memtest86+, ambayo ni huru na ya bure kabisa. Majina yamekaribiana kwa sababu asili yao ni moja. Zote huandika mifumo mbalimbali ya 0 na 1 katika ramu nzima, kisha huisoma tena na kulinganisha.

Niliiwasha baada ya Isha, tukaenda kulala. Nilipoamka Alfajiri nikaenda kutazama: kosa hakuna hata moja. Wallahi niliona haya, nikajiandaa kumwomba kijana msamaha kwa kumlaumu siku mbili nzima. Tukanywa chai. Duka likafunguliwa, jua likapanda, na baada ya Adhuhuri mabati yakaanza kulia kwa joto. Nikasema tujaribu tena kabla sijafunga mkoba. Saa nane mchana, kabla hata ya dakika 20, mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini, na anwani za makosa zilikuwa zimekusanyika pahali pamoja.

Makosa yaliyotawanyika kila mahali aghalabu huashiria mwendo au volti isiyofaa. Yaliyokusanyika pamoja humtaja kipande au chumba fulani. Si kanuni ya kukata, ila ni dalili nzuri ya kuanzia.

Tukarudisha bayosi kwenye mipangilio ya kiwandani, tukatoa vipande vyote, tukasugua miguu yake kwa raba ya mwanafunzi na kuifuta kwa spiriti. Raba hiyo imeshaniponyea kompyuta nyingi za Mombasa, lakini safari hii haikusaidia. Kisha tukapima kipande kimoja kimoja, katika nafasi ile ile, saa zile zile za joto. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na wateja wa kopi walinung'unika. Vile vipya viwili vilikuwa safi. Cha tatu safi. Cha nne, kilichotumika, kilitoa makosa hata kwa 2666, mwendo wake halali, bila kukimbizwa. Tukaweka kipande kizuri kwenye nafasi iliyokuwa na kile kibovu, ili tusije tukaisingizia ramu kosa la madabodi. Safi.

Kwa hivyo ubovu ulikuwapo tangu siku ya kununua. Kukimbiza kuliuongeza na kuuficha, kwani kila kompyuta ilipoganda kijana alidhani ni mipangilio tu, akaongeza volti. Lau angekipima kile kipande siku ile ile kabla ya kugusa mwendo, angekirudisha kwa muuzaji na jambo lingeisha.

Kama lazima ukimbize

Vipande viwili vizuri vya 3200 tulivijaribu, maana yeye alitaka kujua na mimi sikutaka aende kujaribu mgongoni pangu. Tuliwasha XMP kwanza, tukapima. Kisha tukapanda hatua moja moja: 3333, 3466, 3600, tukiandika kila hatua kwenye karatasi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mwendo, volti na vipimo vya muda kwa pamoja, ikianguka hutajua kilichoiangusha. Ikigoma kuwaka kabisa usiogope. Chomoa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwa dakika chache au tumia pini za kufuta bayosi, itarudi kama ilivyokuwa.

Volti isikupe ujasiri. 1.35 ni ya kawaida kwa DDR4 ya XMP. Kupita hapo unaongeza joto, na joto ndilo tunalolikimbia. Madabodi zenyewe hupandisha volti nyingine bila kukuuliza unapowasha mwendo mkubwa. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000 ziliungua kwa namna hiyo watu walipowasha EXPO, ndipo AMD ikaziwekea madabodi mpaka wa volti 1.3 kwa ile sehemu iitwayo SoC. Sasisha bayosi kabla ya kuanza.

Flashi ikishapasisha, bado. Memtest huipima ramu wakati prosesa haijachemka sawasawa. Ndani ya Windows tumia TestMem5, y-cruncher au Prime95 kwa mpangilio wa data kubwa, saa kadhaa, huku sanduku limefungwa kama linavyokaa kazini. Kwetu 3600 ilipita usiku kwenye flashi, ikaanguka kwenye TestMem5 mchana baada ya saa moja hivi. Kosa moja tu. Kwa michezo ungesema kosa moja si kitu. Kwa video ya watu, ambayo ni amana, kosa moja ni kushindwa mtihani. 3466 ilisimama mchana kutwa. Tulipoihariri harusi ya dakika 40 kwa 3200, kisha kwa 3466, tofauti haikufika dakika mbili. Kijana mwenyewe ndiye aliyerudisha 3200.

Jambo la mwisho nililomfundisha halihusu kukimbiza, na pengine lingemwokoa kuliko yote. Ukishanakili faili za kadi, zilinganishe kabla ya kufuta kadi. Windows ina amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Itakupa mfuatano wa herufi na tarakimu. Fanya hivyo kwa faili iliyo kwenye kadi na kwa nakala yake. Zikitofautiana hata biti moja, mifuatano haitafanana hata kidogo. Ila uzime na kuwasha kompyuta kabla ya kulinganisha, kwa sababu faili uliyoinakili sasa hivi huwa bado imo ndani ya ramu, na Windows huenda ikakusomea kutoka humo badala ya diski.

Ile harusi tuliipata nusu. Kadi moja ilikuwa haijapigiwa picha mpya nyingi, programu ya kufufua faili ikatoa sehemu ya chakula na ya kumtoa bi harusi. Kuozesha kwenyewe kulipatikana kwenye simu ya binamu yake bwana harusi, imetikisika na sauti ya feni imeingia, lakini neno la kukubali linasikika. Mama wa bi harusi aliipokea, akalipa nusu ya bei, na mpwa wangu hakudai zaidi. Kwenye ubavu wa sanduku la kompyuta amebandika karatasi: vipande viwili, 3200, volti 1.35, tarehe ya kupimwa, saa nane mchana. Kipande kibovu amekitundika msumarini juu yake.